Mwezi Kumi na Sita, Maji Saa Nne

Mama yangu hajawahi kuvaa saa ya mkononi, lakini sijapata kumwona akifika pwani akiwa amechelewa. Nikimpigia simu kutoka Wete kumwuliza kama Jumamosi nije, hunyamaza kidogo, nikamsikia akihesabu kwa sauti ya chini, kisha hunijibu: "Jumamosi ni mwezi kumi na sita. Maji saa nne. Njoo mapema, mwanangu." Yaani ni siku ya kumi na sita ya mwezi mwandamo, na bahari itapwa saa nne. Kwake hayo ni maelezo yaliyokamilika. Ndani yake mna saa ya kuamka, nguo za kuvaa, kitoweo cha mchana na hata watu nitakaowakuta, maana siku ya maji saa nne wanawake wengi wa kijiji huwa wameshuka pwani, na majumbani hubaki wazee na watoto wachanga.

Mimi ni mwalimu, na siku yangu hukatwa vipande na kengele. Imenichukua miaka kukubali kwamba mambo mengi yanayonifurahisha hapa Pemba hayafuati kengele hiyo hata kidogo. Naandika haya kwa sababu naona watu wanaokipenda kisiwa chetu kwa mbali hukipenda kwa picha, mchanga mweupe na mnazi ulioinama, na sikatai kwamba mchanga ni mweupe na minazi imeinama. Lakini raha yenyewe ya kuishi hapa huja na kuondoka pamoja na maji, na mtu asiyejua maji ya leo ni saa ngapi anaweza kusimama pale pale penye raha asiione.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana yake, kwa kuwa mwezi nao huchelewa kuchomoza kwa kiasi hicho hicho. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye tunapata bamvua: maji hupanda mpaka kwenye mizizi ya minazi, kisha hurudi nyuma mpaka mwamba wa mbali ukatokeza mgongo wake. Tofauti baina ya kujaa na kupwa kwa siku hizo huweza kufikia karibu mita nne. Katikati ya bamvua moja na jingine kuna maji mafu, ambapo bahari hupanda kidogo na kushuka kidogo kama mtu anayepumua usingizini.

Jambo ninalolipenda zaidi katika mpangilio huu ni kwamba hapa kwetu kupwa kwa bamvua daima huangukia karibu na saa nne, asubuhi na usiku, na kujaa kwake karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Ilikuwa hivyo mwezi uliopita na itakuwa hivyo mwezi ujao. Kwa hiyo mama hahitaji jedwali wala simu. Anahitaji kujua leo ni mwezi ngapi, na hilo anapaswa kulijua kwa vyovyote vile kwa ajili ya ibada yake. Akimaliza kufunga siku nyeupe, yaani mwezi kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano, anajua kwamba siku inayofuata ni ya kuchukua ndoo na kijiti. Hesabu moja humpeleka kwenye mswala na kwenye mwamba, na yeye hazitenganishi safari hizo mbili.

Wiki iliyotangulia Jumamosi moja ya namna hiyo, niliyokwenda kwa mama, ilikuwa ya maji mafu, nami niliipitisha Wete kama kawaida. Watu huyadharau maji mafu kwa kuwa hayaonyeshi kitu, lakini ndizo siku ambazo mtaa wetu hujaa watu. Vyombo vinavyohitaji matengenezo hupandishwa pwani maji ya bamvua yanapofika juu kabisa, vikaachwa hapo, na hakuna atakayeweza kuvishusha mpaka bamvua jingine. Kwa muda wa wiki nzima au zaidi wenye vyombo hawana pa kukimbilia: asubuhi wanagonga pamba kwenye nyufa za mbao na kupaka mafuta, alasiri wanashona nyavu, na baada ya sala ya alasiri wanahamia barazani.

Baraza ya nyumba ya jirani yetu ni sakafu ya saruji isiyozidi urefu wa watu wanne waliolala, iliyosuguliwa na nguo za wakaaji mpaka ikang'aa. Muuza kahawa hupita hapo jua linapoanza kupungua, dele mkono mmoja na vikombe mkono wa pili, akivigonganisha kwa mlio ambao nausikia nikiwa jikoni na kujua ni saa ngapi. Kahawa ni chungu, ina tangawizi, na kikombe chake hakina mkono, hivyo huwezi kukinywa kwa haraka wala kukishika huku ukifanya jambo jingine. Kashata huliwa nayo, kipande kidogo tu, ule utamu ukutane na uchungu mdomoni. Pembeni kuna bao la mashimo 32 na kete 64, na wachezaji wawili wamezungukwa na watu saba ambao kila mmoja anaona hatua ambayo wachezaji hawajaiona. Wanawake hatukai hapo. Sisi hukaa uani kwa mavyaa wangu, mama wa mume wangu, kila mmoja na kofia yake ya kushona mapajani, na mazungumzo ya uani kwa maoni yangu yana uzito kuliko ya barazani, kwa sababu uani ndipo linapojulikana nani ni mgonjwa, nani anaoza binti yake na nyumba gani haikuwasha moto jana.

Wapo waliodhani kwamba umeme utaua mambo haya. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, na majokofu na televisheni vimeingia nyumba nyingi ambazo zamani zilitegemea kandili. Ni kweli kuna jioni za mpira ambapo baraza huhamia mbele ya televisheni. Hata hivyo nyumba ya bati hushika joto la mchana mpaka usiku mkubwa, upepo uko nje, na watu wako nje. Feni haijaweza kushindana na mambo hayo mawili yakikutana.

Mwezi Septemba huku ni katikati ya karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hili, hivi kwamba katika msimu hakuna njia ya kutembea Wete bila kuvuta harufu yake. Wachumaji hurudi jioni na magunia, na usiku familia nzima hukaa kuchambua, unashika shada, unalibana kwenye kiganja, karafuu zinabaki upande huu na makonyo upande ule. Vidole huwa vyeusi vikanukia kwa siku kadhaa. Wanafunzi wangu wakinikabidhi madaftari nayanusa kwanza kabla ya kuyafungua. Asubuhi karafuu huanikwa juani juu ya majamvi, na huhitaji siku kadhaa za jua kali mpaka zikauke na kuwa na rangi ile ya kahawia iliyokolea. Zikiloa njiani, kazi ya wiki nzima huharibika.

Siku ya Jumatano ya wiki hiyo nilikuwa nimetoka shule, nimevua viatu, ndiyo kwanza nimemimina maji ya kunywa. Upepo ukageuka. Huwa huhitaji kuangalia juu, unasikia mlango umejifunga wenyewe, kisha kuna kimya kifupi, kisha mtu mmoja mwisho wa mtaa anapiga kelele: "Mvua! Anueni!" Nilitoka miguu mitupu. Mavyaa wangu, ambaye kwa kawaida hunyanyuka kwa kushika ukuta, alikuwa tayari ameshika pembe moja ya jamvi. Nikashika ya pili, kijana aliyekuwa akipita na baiskeli akaiangusha njiani na kushika ya tatu, na ya nne ikashikwa na mzee mmoja wa mtaa wa pili ambaye hata sikumwona alitokea wapi. Tukazikutanisha pembe, karafuu zikateleza katikati kwa sauti ya kokoto ndogo, tukalibeba jamvi mpaka ukumbini, tukaliacha, tukakimbilia la nyumba ya pili. Tuliokoa majamvi sita. Tulipomaliza tulijikuta watu kumi na moja tumebanana chini ya upenu mmoja, tumelowa mabega, kila mmoja anahema, na mvua iliponyesha ilinyesha kwa dakika tano tu kisha jua likatoka tena. Hakuna aliyesema kwamba tumejisumbua bure. Tulisimama pale kwa muda mrefu kuliko mvua yenyewe, na mavyaa wangu akaniagiza nipike chai ya wote.

Jumamosi nilipanda gari la alfajiri. Pemba ni kisiwa cha urefu wa kilomita 67 hivi, na watu tumezidi nusu milioni kwa sensa ya mwaka 2022, lakini kina sura mbili ambazo mgeni huziona ndani ya safari moja. Upande wa magharibi ni vilima, mabonde ya mpunga, mikarafuu na udongo mwekundu. Hao Waarabu wa kale waliokiita Kisiwa cha Kijani nadhani walikiangalia kutoka upande huu. Ukielekea mashariki, wilaya ya Micheweni, vilima hulala, udongo hupungua, na mawe huanza kuchungulia kati ya mihogo. Mkarafuu hauna kazi huko. Watu wa mama yangu hawana zao la biashara juu ya ardhi. Shamba lao liko chini ya maji, na hufunguliwa mara mbili kwa mwezi.

Tulishuka pwani saa tatu na nusu. Bamvua la Septemba ni kubwa kuliko mengi ya mwaka, na maji yalikuwa yamekwenda mbali mno, tukaacha nyuma kwanza mchanga, kisha majani ya bahari, kisha mashamba ya mwani yenye kamba zilizonyooshwa kati ya vigingi. Kilimo cha mwani kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989 kisha kikafika huku, na leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka Pemba. Mche ukifungwa kwenye kamba huchukua kama wiki sita kukomaa. Wanawake walikuwa wameinama kwenye kamba zao, maji yakiwafika magotini, wakisalimiana kwa sauti za juu kutoka shamba hadi shamba: nani kaamka vipi, mtoto wa fulani kapona. Kazi ni ngumu, mgongo huuma, na bei ya mwani haijawahi kulingana na mgongo huo; nasema hivyo kwa uchungu kwa sababu mama yangu alinisomesha kwa kamba hizo. Lakini pia nimemsikia akisema, zaidi ya mara moja, kwamba hakuna mahali pengine anapocheka kama pale.

Yeye siku hizi ameachia kamba zake kwa dada yangu na amerudi kwenye kitu alichokipenda tangu utotoni, ambacho ni kutafuta pweza. Kutembea naye juu ya mwamba ni somo. Mimi naangalia mashimo. Yeye anaangalia mlango wa shimo. Tulipita mashimo mengi sana ambayo kwangu yote yalikuwa sawa, kisha akasimama ghafla na kuninyooshea kidole. Mbele ya tundu moja palikuwa pamefagiwa mchanga, na pembeni pamerundikwa vijiwe na maganda ya kaa. "Mwenyewe yumo," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye mlangoni kwa jirani. "Kafagia." Akaingiza kijiti taratibu na kukitikisa. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha nikaona jiwe la ndani likibadilika rangi, kutoka kahawia likawa jeupe, likawa jekundu, na mkono mmoja ukatoka ukajizungusha kwenye kijiti. Mama hakuvuta. Alingoja mkono wa pili, na wa tatu, kisha akaupeleka mkono wake mwenyewe ndani ya maji na kumtoa mzima kwa mara moja.

Wa pili tuliyempata alimwacha. Alimshika, akampima kwa kiganja, akasema hajatimia, hata nusu kilo hafiki, akamrudisha tunduni. Pweza hukua upesi sana. Ukimwachia mtoto mabamvua machache atakuwa kitoweo cha nyumba nzima. Baadhi ya vijiji vya Pemba na Unguja siku hizi hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa na kuifungua siku moja kwa watu wote, na waliojaribu hupata pweza wakubwa. Mama anaunga mkono jambo hilo, ila anaona ajabu kwamba watu walihitaji kukaa mkutano ili wakubaliane kuacha watoto.

Kuna wakati tulipokuwa mwisho kabisa wa mwamba, mimi nikiwa na hamu ya kuendelea, aliponiambia turudi. Nilitazama mbele: bahari ilikuwa imetulia, maji hayaonekani kusogea. Sikubishana. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili niliwahi kubishana, nikabaki nyuma na mwenzangu mmoja tukiokota kombe, kwa kuwa mbele yetu palikuwa pakavu. Maji hayarudi kutoka mbele. Huingia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu, kimya kimya, na wewe unatazama upande usio wenyewe. Tulipogeuka, mkondo tuliouvuka kwa maji ya vifundo ulikuwa umefika kifuani, na mvuvi mwenye mtumbwi ndiye aliyetuchukua. Hakutugombeza. Alitufikisha ufukweni, akamkabidhi mama watoto wake, akaondoka. Tangu siku hiyo mama akisema turudi, narudi.

Pweza hapikwi akitoka baharini hivi hivi. Mama alimpiga juu ya jiwe lile lile la nyuma ya nyumba ambalo nimelijua maisha yangu yote, akampiga mpaka povu likatoka na mikono ikalegea, kisha akamchemsha kwa ndimu na chumvi. Mimi nilikalia mbuzi nikakuna nazi mbili, nikakamua kwenye kifumbu, tui la kwanza nikaliweka kando na la pili nikalitia chunguni na bizari na tangawizi. Tui zito huingia mwisho, na hapo huruhusiwi kuondoka jikoni hata ukiitwa, kwa sababu likichemka bila kukorogwa hukatika. Nilikoroga. Ndugu zangu waliingia mmoja mmoja kutoka kwenye mwani, wakiwa na chumvi iliyokauka miguuni, wakanawa, na sinia la wali likawekwa ukumbini. Sahani moja ya mchuzi ilipelekwa kwa mgonjwa wa nyumba ya tatu kabla sisi hatujaanza. Tulikula kwa kimya cha watu wenye njaa, na baadaye kila mmoja akalala pale alipokuwa ameegemea, mlango ukiwa wazi, upepo wa kusi ukiingia mbele na kutokea uani. Maji yalipojaa, saa kumi jioni, niliamshwa na sauti yake. Mawimbi yalikuwa karibu sana na nyumba hivi kwamba kwa nukta chache nilidhani mtu anapiga hodi.

Usiku mbaamwezi ilikuwa nyeupe kabisa. Watoto walicheza uwanjani mpaka wakaitwa mara tatu. Mama alitandika mkeka nje, akachukua miyaa yake na kuanza kusuka ukili bila taa, vidole vikijua njia, nami nikalala ubavuni mwake kama nilivyokuwa nikilala kabla sijaenda skuli. Hatukuzungumza sana. Aliniuliza kuhusu mavyaa wangu, nikamsimulia habari ya majamvi sita, akacheka, akauliza chai nilitia iliki au sikutia.

Ilipokaribia saa nne aliinua kichwa. Mimi sikusikia kitu. "Yamepwa," akasema. Nikakaa, nikatazama baharini, na kweli, pale ambapo jioni palikuwa na maji matupu, mbali kabisa juu ya mwamba, palionekana taa ndogo moja, kisha mbili, kisha nyingi zikitembea polepole, zikiinama na kuinuka. Walikuwa wavuvi wa kumulika. Mama alizihesabu akitaja wenyewe kwa majina kutokana na mwendo wa kila taa, kisha akarudi kwenye ukili wake.